Mimbari ya Mlimani, Itazamwavyo kutoka Bura

Tangu mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, Wafaransa kwa asili yao, walipopanda kutoka pwani na kuweka misheni hapa Bura ya Taita mwaka 1892, na mwaka uliofuata wakatia ardhini miche ya kahawa ambayo wengi huihesabu kuwa ya kwanza katika nchi iliyokuja kuitwa Kenya, watu wa milima hii wamezoea kuketi kwa taadhima na kumsikiliza mgeni asemaye kutoka mimbarini. Kumjibu mgeni huyo ni ada iliyochelewa kufika. Kwa hiyo, maadamu Chuo Kikuu cha Taita Taveta kimekwisha kusimama Mariwenyi, baina ya Voi na Mwatate, nacho kina hati yake kamili tangu mwaka 2016, naona yafaa vijana wetu wasimuliwe habari za mimbari nyingine, ya mbali kidogo lakini si ngeni kwetu, iliyowajengea heshima waulizaji sawasawa na wasemaji: nayo ni ile ya Mlimani, kwenye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Chuo hicho kilifunguliwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru wa Tanganyika, ndani ya jengo la chama cha TANU mjini, kikiwa na darasa moja dogo la wanafunzi wa sheria. Mwaka 1963 kikaunganishwa na vyuo vya Makerere, Uganda, na Nairobi kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1964 kikahamia kilimani, mahali ambapo kipo hata leo. Jambo hili latuhusu, kwa kuwa katika miaka ile sheria ilisomeshwa Dar es Salaam, na kijana wa Kenya, awe wa Ukambani au wa Taita, aliyetaka kuwa wakili bila ya kuvuka bahari, hakuwa na budi kushika njia ya huko. Dakta Willy Mutunga, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wa Kenya kuanzia 2011 hadi 2016, ni mmoja wa waliotoka katika madarasa hayo.

Mwanzo wa mimbari yenyewe ulikuwa ugomvi. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kuipinga sheria ya kuwalazimisha kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, wakamfikia Rais Nyerere na mabango yenye maneno makali, naye, baada ya kuwasikiliza na kughadhibika, akawarudisha makwao takriban 400, kisha, ili ionekane kwamba hakuwatoza wao peke yao gharama ya umaskini wa nchi, akapunguza mishahara ya wakubwa wa serikali akianzia na wake mwenyewe. Azimio la Arusha, lililoifanya nchi ishike njia ya ujamaa, lilipotangazwa Februari 1967, kila mtu pale chuoni alikuwa na swali, na watu wa kuulizwa hawakukosekana, kwani Dar es Salaam ilikuwa imekwisha kuwa makao ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. FRELIMO yenyewe, chama cha wapigania uhuru wa Msumbiji, iliasisiwa humo mwaka 1962.

Ndipo walipofululiza wageni wa kila kazi. Alikuja Stokely Carmichael, mpigania haki za watu weusi wa Marekani, mwaka 1967, na mwishoni mwa mwaka huohuo wanafunzi wakaunda chama chao cha kimapinduzi, USARF, ambacho mwenyekiti wake alikuwa kijana wa Uganda aitwaye Yoweri Museveni. Alikuja C.L.R. James wa Trinidad, mwanahistoria ambaye pia aliandika juu ya mchezo wa kriketi kwa bidii ileile aliyoandikia mapinduzi ya Haiti. Walter Rodney wa Guyana hakuwa mgeni wa siku moja. Alifundisha pale, akaondoka, akarejea 1969, akakaa hadi 1974, na kitabu chake juu ya namna Ulaya ilivyoidhoofisha Afrika kikachapishwa 1972. Siku za Jumapili, ambazo wenzao walizitumia kwa ibada au kwa usingizi, wanachama wa USARF walikutana kusoma na kubishana, na mwaka 1969 wakaanzisha jarida lao, Cheche. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa akipanda Mlimani kuhutubia na kuhojiwa. Nadhani hapo ndipo ilipokuwa siri ya mahali pale: rais wa nchi na msomi wa ng'ambo walikalia kiti kilekile, na kijana wa mwaka wa pili akawa na haki ya kusimama na kuwaambia kwamba hakuridhika.

Wala ada hiyo haikuwa ya Mlimani peke yake. Mwaka 1970 Rodney alikwenda Makerere kujadiliana hadharani na Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, mwana wa ukoo mashuhuri wa makadhi, ambaye hakuuamini ujamaa wala hakuuogopa. Sisi wa upande huu wa nchi, tuliozoea kuona kwamba kila aliyefanikiwa Mombasa ni mfanyabiashara au mwanasiasa, tungefaa kukumbuka kwamba pwani hiyohiyo ilitoa mtu aliyefanya mabishano kuwa kazi, akaifanya kwa adabu.

Lakini tusiisifu historia kupita kadiri yake. Novemba 1970 USARF na Cheche vilipigwa marufuku na serikali ileile iliyokuwa ikisifiwa duniani kwa uhuru wa fikra, kwa hoja kwamba umoja wa vijana wa TANU ulitosha. Mwaka 1978 wanafunzi walioandamana kupinga nyongeza za marupurupu ya viongozi walifukuzwa kwa mamia. Kisha zikaja zama za ukata, vitabu vikaadimika na walimu wakatafuta riziki kwingine.

Mimbari ikafufuka mwaka 2008, chuo kilipoanzisha Kigoda cha Mwalimu Nyerere cha Taaluma za Umajumui wa Afrika, na mwanakigoda wa kwanza akawa Profesa Issa Shivji, mwanasheria mzaliwa wa Kilosa ambaye ujana wake ulikuwa katika Cheche. Kuanzia Aprili 2009, mwezi aliozaliwa Nyerere, likafanyika tamasha la kitaaluma la kila mwaka. Mhadhiri wa kwanza alikuwa Wole Soyinka, mwandishi wa tamthilia wa Nigeria mwenye Tuzo ya Nobeli ya 1986. Akafuatiwa 2010 na Samir Amin, mchumi wa Misri. Na 2013 akasimama Thandika Mkandawire wa Malawi, aliyeanza kama mwandishi wa habari, akafungiwa mlango wa kwao na utawala wa Rais Banda kwa takriban miaka 30, akawa mchumi. Kigoda kikatoa na jarida, Chemchemi, ambalo liliwapa nafasi waandikao kwa Kiswahili pamoja na waandikao kwa Kiingereza.

Nirudi kwetu: Mariwenyi husomeshwa uhandisi wa madini, na hilo ni jambo la busara katika kaunti ambayo ardhi yake imejaa vito. Iwapo siku moja chuo chetu kitaalika wageni wake kwa mpango kama ule wa Mlimani, ningependa miongoni mwa wa kwanza awemo mchimbaji mdogo wa Kasigau, anayeshuka shimoni kwa kamba na kuuza jiwe asilojua bei yake huko liendako, naye apewe saa nzima, kisha wahandisi wetu wamwulize, na yeye awaulize wao.