Rubani Hapigi Hodi, Ananadi

Orodha ya istilahi za anga iliyopita mikononi mwangu karibuni inaliita tendo la rubani kujitaja redioni, penye kiwanja kisicho na mnara wa kuongozea ndege, "utangazaji binafsi wa nafasi". Utangazaji ni kazi ya studio; binafsi ni shule na hospitali; na nafasi, ukiisikia Kilindoni, kisiwani Mafia, kwenye dawati la tiketi, ni kiti kilichobaki kwenye Cessna Caravan ya kwenda Dar es Salaam. Maneno matatu, na hata moja halijamfikisha rubani angani.

Wapo waliojiona wajanja zaidi wakaleta "hodi". Tamu, lakini si sahihi. Hodi huomba, anayeipiga husubiri "karibu". Ndege inayotoka Mafia kwenda kutua Mtemere, Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, haina mwongoza ndege wa kuikaribisha. Rubani hamwombi mtu ruhusa. Anawaambia wote walio kwenye masafa yale ya redio alipo na anakoelekea, ajibiwe asijibiwe.

Neno tunalo: kunadi. Limetoka katika Kiarabu, nādā, kuita kwa sauti. Humo imo nidaa, mwito, na mzizi huohuo ukazaa nadi, yaani klabu, mahali watu wanapoitana. Kwetu pwani ukatupa mnada. Anayenadi samaki pale soko la Feri, Dar es Salaam, hasemi na mteja mmoja. Anasema na soko zima, na kila mwenye masikio hujipanga. Katika kikao cha istilahi nilijibiwa, kwa dharau kidogo, kwamba kujinadi ni kwa wagombea ubunge. Ndiyo maana nimeandika kunadi, bila "ji": rubani hanadi nafsi yake, ananadi mahali alipo. Waliokuwa wakisinzia kikaoni huenda silabi hiyo iliwapita.

Na anayeona neno la sokoni haliwezi kupanda ndege, na amuulize rubani mwenyewe alikotoka. Rubbān wa Waarabu alikuwa nahodha. Wa kwetu alipitisha vyombo penye miamba na mikondo kabla hajapewa mbawa, na hakuna kamati iliyomkalia.

Matumizi ni mepesi: rubani hunadi jina la kiwanja, la ndege, mahali, kimo na kusudio, kisha hurudia jina la kiwanja, kwa kuwa masafa mamoja huweza kutumika na viwanja kadhaa. Hewani husema Kiingereza. Kiswahili ni cha darasani, gazetini na kwenye ripoti za ajali, ambako "rubani alinadi akiwa kusini mwa kiwanja" husomeka kwa pumzi moja. Pendekezo hili nililipeleka pia kwa kamati ya istilahi, kwa maandishi. Nimejibiwa kuwa limepokelewa.