Kilicho Nyuma ya Mzee Mwakiru

Mimi hupiga picha za harusi na za familia kati ya Malindi na Kilifi. Studio yangu nzima inaingia kwenye tuktuk: stendi mbili, pazia la kitambaa la mita tatu, taa ya betri, mwavuli mweupe na mifuko miwili ya mchanga. Mifuko hiyo usiidharau. Kusi ikivuma, pazia linageuka tanga na stendi zinaanguka. Taa nayo naihitaji hata mchana. Saa sita jua la Pwani liko utosini, macho ya mtu yanakuwa kama mashimo meusi, kwa hivyo namgeuza alipe jua kisogo halafu namjazia mwanga usoni.

Lakini wateja hawaniulizi habari za taa. Wanauliza, "Nyuma utaweka nini?"

Swali hilo ni la zamani. Miaka ya 1990, wapigapicha walijenga vibanda vya wazi karibu na kivuko cha Likoni, Mombasa. Wengi wao walikuwa watu wa bara. Nyuma ya mteja waliweka michoro ya meli, ndege na maghorofa, pamoja na mapambo ya kung'aa. Kijana aliyekuja Pwani kutafuta kazi alisimama mbele ya ndege ya rangi, akapigwa picha. Hakuna aliyedanganyika, jamani. Picha ilionyesha anakotamani kufika. Halafu Agosti 13, 1997 zikaanza fujo za Likoni, zikiwalenga watu wa bara, na wale waliokuwa wakiuza ndoto pale kivukoni wakajikuta wanaambiwa kwao si hapa.

Sasa weka picha za Likoni kando ya picha nyingine, ya 1985, kutoka huku kwetu Kilifi. Mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha Mzee Kalume Mwakiru akiwa na vigango viwili. Kigango ni nguzo ya mbao iliyochongwa, ambayo Wagiriama humsimamishia marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu. Vile viwili vilikuwa vya ndugu zake Mzee. Hapakuwa na pazia wala mchoro, ni yeye na wafu wake.

Udvardy aliporudi kumletea picha yake, Mzee akamwambia vigango vimeibwa, akamwomba amsaidie kuvitafuta. Mwaka 1999, kwenye mkutano wa wasomi huko Marekani, Udvardy alionyeshwa picha za vigango vilivyo katika makumbusho ya nchi hiyo. Kimoja akakitambua. Kilikuwa Illinois State Museum. Cha pili kikapatikana Hampton University Museum, Virginia. Kila kigango kina nakshi zake, kwa hivyo ile picha ya 1985 ikawa ushahidi. Kufikia 2007 vyote viwili vilikuwa vimerudi Kenya. Mzee alikuwa ameshafariki.

Fikiria kama siku ile angepigwa picha mbele ya kitambaa cheupe, mwanga safi, uso umetulia. Ingekuwa picha nzuri ya kutundika ukutani, na familia ingebaki na neno lao tu dhidi ya makumbusho mawili ya ng'ambo.

Pazia langu sitalitupa. Bibi harusi ana haki ya kuchagua anakoonekana, kama yule kijana wa Likoni. Ila siku hizi, kazi ikiisha, nashusha kitambaa na kupiga picha moja zaidi ya nyumba, mwembe, kisima, na makaburi kama wenyewe wameridhia. Kuna wanaoguna: "Hiyo ya makuti usiiweke, watu watatucheka." Sawa, kuiposti si lazima. Lakini katika kaunti hii familia nyingi zinaishi kwenye ardhi isiyo na hati, na siku ya kuulizwa mlikuwa mnakaa wapi huja bila kupiga hodi. Naitia kwenye bahasha ileile, na nyuma yake naandika tarehe na jina la kijiji. Hiyo siitozi pesa.