TRC: Shirika Lililoanza na Mikono Mitupu

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, makao makuu ya reli yalikuwa Nairobi, na matengenezo makubwa ya vichwa vya dizeli yalifanyika huko huko. Huku kwetu zilibaki njia zenyewe: Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma 1914, njia ya Tanga hadi Moshi na Arusha, na kipande cha Ruvu hadi Mnyusi kilichoziunganisha mwaka 1963. Ndipo likazaliwa Shirika la Reli Tanzania, TRC yetu.

Mimi nilianzia Tabora, mji ambao reli ndiyo baba na mama yake. Hapo njia huachana, moja ikienda Kigoma, nyingine Mwanza. Vichwa vya mvuke vilikuwa bado vinafanya kazi. Usiku, fayamani akilisha moto, uso wote ukiwa masizi isipokuwa macho, birika la chai lilichemka palepale kwenye joto la tanuri. Kipuri kikikosekana, mafundi walikichonga. Wengine hawakuwa na cheti hata kimoja, lakini kwa kugonga gurudumu kwa nyundo na kusikiliza mlio walijua kama lina ufa. Wazee wale ndio waasisi wetu wa kweli, na nawashukuru mpaka leo. Alfajiri treni ya Kigoma iliingia na mawese na migebuka, ikaondoka na asali, na stesheni nzima ilikuwa soko.

Karakana ya Morogoro ikatuondolea utegemezi wa Nairobi. Bandari kavu ya Isaka ikatufungulia mizigo ya Rwanda na Burundi.

Kisha yakaja mageuzi ya mashirika ya umma. Huduma za meli zilizokuwa chini yetu, ile ya Liemba ikiwamo, zikapewa kampuni yake. Juni 24, 2002, mkoani Dodoma, tulipata msiba wa ajali ya treni ambao mwanareli yeyote huutaja akiwa ameinamisha kichwa. Mwaka 2007 miundombinu ilikuwa chini ya kampuni hodhi ya mali za reli, RAHCO, na uendeshaji ukaenda kwa Kampuni ya Reli Tanzania, TRL, mwekezaji kutoka India akiwa na asilimia 51 na serikali 49, kwa mkataba wa miaka 25. Kipindi hicho kilikuwa na mitihani yake, na mafuriko ya Kilosa mwishoni mwa 2009 yakaongeza mzigo. Mwaka 2011 serikali ikazichukua tena hisa. Mwaka 2017 TRL na RAHCO zikaunganishwa, na jina la TRC likarudi. Siku hiyo wengi wetu tulilia. Treni ya Moshi ikarejea 2019, ya Arusha 2020, na Agosti 1, 2024, Rais Samia Suluhu Hassan akazindua treni ya umeme ya Dar es Salaam hadi Dodoma.

Nyinyi vijana mnaoiendesha, wazee waliogonga magurudumu yale bado wapo Tabora, Morogoro na Kigoma. Wafuateni, mkae nao, mwaulize wangali na nguvu za kusimulia.