CBA ya madaktari: Nani hukaa mezani, nani hulipa?

Kila mgomo wa madaktari unapoanza Kenya, neno moja husikika kwenye kila taarifa: CBA. Huu ni mkataba wa pamoja kati ya chama cha wafanyakazi na mwajiri kuhusu mishahara, marupurupu na mazingira ya kazi. Ukisainiwa, wengi hudhani mambo yameisha. Mara nyingi hapo ndipo vuta nikuvute nyingine huanza, kwa sababu anayesaini si lazima awe ndiye anayelipa.

Kwa nini meza moja?

Madaktari, wafamasia na madaktari wa meno katika hospitali za umma huwakilishwa na KMPDU. Wauguzi wana KNUN, maafisa wa kliniki wana KUCO. Badala ya kila mtu kujitetea kivyake, chama hujadiliana kwa niaba ya wote. Hivyo daktari wa Lodwar na mwenzake wa Nyeri walio daraja moja hupata mshahara wa msingi sawa. Serikali nayo haijadiliani na kila hospitali.

Hatua kwa hatua

1. Kutambuliwa. Sheria ya Mahusiano ya Leba ya 2007 inamtaka mwajiri akitambue chama kikishaandikisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kujiunga.

2. Mapendekezo. Chama huleta madai, mwajiri hujibu na ofa yake. Hapa ndipo vikao huchukua miezi.

3. Ushauri wa SRC. Tume hii ya mishahara huangalia kama mfuko wa umma utaweza kubeba mzigo huo.

4. Kusaini na kusajili. Baada ya kusaini, mwajiri ana siku 14 kupeleka mkataba Mahakama ya Ajira na Leba. Ukishasajiliwa, una nguvu ya sheria.

Wakikwama je?

Mzozo huripotiwa kwa Waziri wa Leba, naye huteua mpatanishi. Upatanishi ukifeli, chama hutoa notisi ya mgomo ya siku saba. Lakini huduma za hospitali zimo kwenye orodha ya huduma muhimu, kwa hivyo waajiri hukimbilia mahakamani kuomba mgomo usitishwe. Chama nacho hushikilia Kifungu cha 41 cha Katiba, kinachompa mfanyakazi haki ya kugoma.

Tatizo liko wapi?

Mwaka 2013 huduma nyingi za afya zilihamia kwa kaunti 47. Mwaka huohuo, KMPDU ilisaini mkataba na Wizara ya Afya. Madaktari walipodai utekelezwe, waliambiwa haukuwa umesajiliwa mahakamani. Magavana nao wakasema hawakuhusishwa. Matokeo yake ni mgomo wa siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017.

Mkataba mpya wa 2017 uliweka malipo ya daktari mwanagenzi kuwa Sh206,000 kwa mwezi. Mwaka 2024 serikali ikasema inaweza kulipa Sh70,000 tu. Madaktari wakagoma siku 56, na suala la wanagenzi likabaki bila suluhu hata baada ya kurudi kazini. Serikali ilikubali kulipa Sh206,000 mwishoni mwa mwaka huo, mgomo mwingine ukinukia.

Mwaka 2025 zamu ikawa ya Kiambu. Madaktari wa kaunti hiyo walikaa nje kwa takriban miezi mitano wakilalamikia mishahara na masharti ya kazi, wakati wenzao katika kaunti nyingi wakiendelea na kazi. Meza ni moja, lakini mifuko ni mingi.

Ukisikia CBA imesainiwa, uliza haya

- Je, imesajiliwa mahakamani?
- Kaunti zimesaini, au ni Wizara pekee?
- Pesa zimo kwenye bajeti ya mwaka huu?
- Malimbikizo yatalipwa lini, na kwa awamu ngapi?

Usichanganye CBA na mkataba wa kurudi kazini. Huo wa pili humaliza mgomo tu: huweka tarehe za malipo na kuwalinda waliogoma wasiadhibiwe. Tarehe hizo zikipita bila pesa kuingia, notisi nyingine huandikwa, na mgonjwa anayetegemea hospitali ya umma ndiye hukuta milango imefungwa.