Kidingapopo: Jina moja, kumbukumbu mbili

MWAKA 1870 homa kali yenye maumivu ya viungo iliikumba Zanzibar. Tabibu James Christie, aliyekuwa akifanya kazi huko, aliandika kwamba wenyeji walikuwa tayari na jina lake: kidinga pepo. Wazee waliikumbuka homa kama hiyo kutoka miaka ya 1820. Jina hilo ndilo kidingapopo la kamusi zetu, nasi hulifasiri kuwa homa ya dengue. Christie alishikilia kwamba hata neno lenyewe dengue limetoka kwetu, dai linalojadiliwa hadi leo.

Hebu sasa tuvuke hadi Newala, kusini mwa Tanganyika, mnamo 1952 na 1953. Homa ya viungo ilizuka, na Wamakonde wakaiita chikungunya kwa jinsi ilivyomkunja mgonjwa. Virusi vyake vilipobainika kuwa mbali na vya dengue, wataalamu waliyasoma upya maandishi ya Christie. Mwaka 1971 Donald Carey alitoa hoja kwamba kidinga pepo cha Zanzibar huenda kilikuwa chikungunya. Mimi naafiki hoja hiyo.

Mtaniuliza, ya 1870 yatufaa nini leo? Nikiwa Gazi, kule Kwale, nilimsikia mzee mmoja akimwambia mwenziwe: "Mie kidingapopo kilishanipata, hakinirudii tena." Kauli hiyo yaweza kuwa kweli, yaweza pia kuwa hatari. Inategemea aliugua nini.

Mwili huzaliwa na uwezo wa kuunda seli za kinga za aina nyingi mno. Kijidudu kinapoingia, sehemu zake, yaani antijeni, huzichagua seli zinazooana nazo. Hizo huzaana, na vizazi vyake hutofautiana. Baadhi hubaki kwenye uboho zikitengeneza kingamwili. Nyingine huzunguka mwilini zikisubiri adui arejee. Ndiyo maana kumbukumbu ya kinga ya mtu wa Gazi haiwezi kufanana na ya mtu wa Nyeri. Kila mwili una historia yake ya maradhi.

Aliyepona chikungunya kwa kawaida hukingwa kwa miaka mingi. Dengue, kinyume chake, ina aina nne. Aliyepona moja hukingika dhidi ya hiyo. Ikija nyingine, seli za zamani ndizo huamka kwanza. Kingamwili zake hukishika kirusi bila kukidhoofisha, na pengine hukisaidia kuingia ndani ya seli. Hivyo ugonjwa wa pili waweza kuwa mkali kuliko wa kwanza.

Si mambo ya mbali haya. Chikungunya ilizuka Lamu mwaka 2004, ikakadiriwa kuwapata robo tatu ya wakazi. Dengue ilizuka Mombasa mwaka 2013, na chikungunya ikafuata mwishoni mwa 2017. Zote mbili huenezwa na mbu aina ya Aedes, anayeuma mchana.

Basi tuyatenge majina: kidingapopo kiwe dengue, na chikungunya ibaki na jina lake la Kimakonde. Na mhudumu wa afya anapoambiwa "nilishaugua", asitosheke na jina. Aulize ilikuwa mwaka gani, viungo viliuma kwa muda gani, na kama damu ilipimwa. Mwili hauchanganyi maradhi haya mawili. Ni sisi tuliyoyachanganya kwa neno moja.