Kwa nini korti hutupa kesi ya mkopaji kabla ya kuisikiliza

MMILIKI wa shamba la Chale, Kaunti ya Kwale, anapoweka hatimiliki yake rehani kisha akashindwa kulipa mkopo, kimbilio lake la mwisho huwa korti. Hata hivyo, kesi yake dhidi ya mkopeshaji yaweza kufutiliwa mbali kabla ya shahidi hata mmoja kutoa ushahidi.

Mamlaka hayo yamo katika Agizo la 2, Kanuni ya 15, ya Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai za mwaka wa 2010. Korti yaweza kutupa dai lisiloonyesha msingi wowote wa kisheria, la kipuuzi au la kusumbua, linalochelewesha haki, au linalotumia vibaya mahakama. Mkopeshaji akidai kwamba hakuna msingi wa kisheria, ushahidi hauruhusiwi. Jaji husoma hati ya madai pekee.

Silaha hiyo ni kali, nayo hutumiwa kwa nadra. Katika kesi ya kampuni ya D.T. Dobie, iliyochapishwa katika ripoti za sheria za 1982, Jaji Madan wa Mahakama ya Rufani alionya kwamba kesi isitupwe ila ikiwa dhaifu kiasi cha kutoweza kuponywa hata kwa kurekebisha hati zake.

Kwa hivyo, mkopaji anayelia tu kwamba biashara imedorora, au kwamba shamba ni urithi wa wazee, hajaonyesha kosa la mkopeshaji. Hata mzozo kuhusu kiasi cha deni, peke yake, kwa kawaida hauzuii mnada.

Yapo madai yenye uzito. Sheria ya Ardhi ya 2012 humtaka mkopeshaji kutoa ilani ya siku 90 ya kulipa malimbikizo, kisha ilani nyingine ya siku 40 ya kuuza. Dalali naye hutoa ilani ya siku 45. Thamani ya ardhi sharti ikadiriwe kabla ya mnada, na nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila idhini ya mwenzi. Aidha, tangu 2007, Sheria ya Benki huzuia riba ya mkopo uliokwama kupita salio la mkopo lililokuwepo ulipokwama.

Ukiukaji wowote kati ya hayo ukielezwa waziwazi, pamoja na tarehe na kiasi cha pesa, ni vigumu kesi kutupwa mapema.

Kesi iliyofutwa kwa kasoro za hati yaweza kuwasilishwa upya ikiwa muda wa kisheria haujapita. Iliyoamuliwa kwa kina hairudi, ila kwa rufaa. Lakini nyundo ya dalali haingoji. Ardhi ikishauzwa kwa mnunuzi asiye na hila, kifungu cha 99 humwachia mkopaji fidia tu, wala si shamba lake. Ndiyo maana ilani ya kwanza ndiyo ya kupelekewa wakili, si ya mwisho.