Keko ilitangulia, Muhimbili ikafuata

Serikali ilipoanzisha kiwanda cha dawa Keko, Temeke, mwaka 1968, hapakuwa na chuo nchini kilichotoa shahada ya famasia. Vidonge vilitangulia, wasomi wakafuata.

Walianza kuandaliwa mwaka 1974, Kitivo cha Tiba cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipofungua mafunzo ya famasia pale Muhimbili. Mwaka huohuo kikazaliwa kitengo cha utafiti wa tiba asili, ambacho mwaka 1991 kilipandishwa kuwa taasisi. Humo utafiti ulianzia kwa mganga wa jadi na kuishia kwenye hesabu.

Kazi yenyewe ni ya subira. Mizizi au magome hukaushwa, husagwa na kuloekwa mpaka dawa ijitoe. Kisha huja kipimo kisichohitaji mitambo ya gharama. Mayai ya kamba wadogo huanguliwa katika maji ya chumvi, nayo chumvi imetoka pwani hiihii ya Dar es Salaam. Vikamba kumi hutiwa kwenye kila kichupa chenye kiwango chake cha dawa. Baada ya saa 24, walio hai huhesabiwa. Wakifa kwa dawa kidogo tu, mti huo una nguvu. Kama ni nguvu ya tiba au ya sumu, hilo ndilo mwanafunzi hutumwa kulitafuta.

Viwandani swali lilikuwa jingine. Keko, kama Shelys ya Kinondoni, ilitengeneza zaidi dawa zilizokwisha kugunduliwa kwingine. Ilichohitaji ni mtu wa kuhakikisha kidonge hakipasuki, kinayeyuka tumboni kwa wakati na hakiharibiki kwa joto na unyevu wa pwani.

Mamlaka ya Chakula na Dawa, iliyoanza mwaka 2003, ilikaza kamba. Mwaka 2011 maabara yake ya Mabibo, wakati huo ndani ya Kinondoni, ilitambuliwa na Shirika la Afya Duniani. Mwaka 2018 Tanzania ikawa ya kwanza Afrika kufikia ngazi ya tatu ya udhibiti wa dawa katika vipimo vya shirika hilo. Kiwanda kisicho na wataalamu kikawa hakina pa kujificha.

Muhimbili, chuo kikuu kamili tangu 2007, sasa ina uzamili wa famasia ya viwandani na wa udhibiti wa ubora. Kinachodaiwa ni viwanda navyo kufungua milango, ili tasnifu zaidi ziandikwe kando ya mashine za vidonge.